Bakuli la Dang'a

Ng'ombe wa Lukindo, yule mweusi mwenye miguu mifupi, alizaa alfajiri ya kipupwe, nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda. Lukindo alifurahi mno. Kabla ndama hajasimama, alikinga ndoo akakamua dang'a yote, maziwa yale mazito ya kwanza, akayachemsha mpaka yakashikana. Akampelekea jirani yake, Bi Nakijwa, bakuli zima.

"Karibu dang'a, mama. Leo usiniite tena mchoyo."

Bi Nakijwa alifunua bakuli, asiliguse. "Ndama amenyonya?"

"Atanyonya jioni, ng'ombe akishusha mengine."

"Ala! Umemnyang'anya mtoto chakula chake uje kujionyesha kwangu? Na baridi yote hii?"

Hakungoja jibu. Alichukua blanketi lake kitandani, akashika njia ya zizini, Lukindo nyuma yake kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Ndama alikuwa amejilaza palepale, akitetemeka, masikio yake baridi kama mawe ya mtoni. Bi Nakijwa alimfunika, akaanza kumsugua kifua.

"Kamua, baba. Labda limebaki tone."

Ndipo Lukindo alipoona kwamba bakuli amerudi nalo mkononi. Akaliweka chini, akachuchumaa. Chuchu ya kwanza, hakuna. Ya pili, ya tatu. Hakuthubutu kuinua macho. Ya nne ikatoa matone machache. Akayakinga kiganjani, akayasogeza kwenye mdomo wa ndama, akangoja, na kando ya goti lake lile bakuli bado lilikuwa likifuka mvuke.