Mpangaji Mwenye Bunduki

Mpangaji aligoma kutoka, na mwenye nyumba alikuwa amekuja polisi kwa mara ya tisa.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa fundi seremala, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Hakuuliza aende wapi. Alipitiliza hadi kwenye benchi la kona, akaketi, akasubiri. Kaunta ilikuwa na koplo mgeni, kahamia juzi, shati bado lina mikunjo ya pasi. Mjane alimtazama akapata matumaini. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Shikamoo, mama. Tukusaidie nini?"

"Marahaba. Mpangaji wangu hataki kutoka. Mkataba umekwisha miaka mitatu sasa."

Koplo alikunja uso kwa huruma, ile inayofundishwa chuoni wiki ya mwisho. "Pole sana. Ila polisi hatumtoi mtu kwenye nyumba. Hilo ni la madai. Nenda mahakamani."

"Nimetoka huko." Akainuka, akamwekea hukumu mezani.

Koplo alitazama muhuri, akaona ni wa kweli, akaridhika. Majina hayakumhusu. "Umeshinda, mama. Hongera. Sasa hii anaitekeleza dalali wa mahakama."

"Dalali anasema hatii mguu bila askari wa kulinda amani."

"Na askari?"

"Wanasema hawatii mguu bila dalali."

Koplo alitikisa kichwa. Sheria ilikuwa imenyooka vizuri, kasoro yake ni huyu mama aliyesimama katikati.

Nyuma ya kaunta mahabusu waligonga mlango wakidai maji.

"Bomba limegoma," koplo alisema, kama anayeomba radhi.

"Jaribu koki ya uani, mwanangu. Huwa inakwama."

Koplo akacheka. "Kumbe mama fundi bomba pia."

Mama hakucheka. "Nalala sebuleni kwa mkwe wangu, mwezi wa nne huu. Zamani akinikuta pale alirudi nyuma kwa heshima. Sasa ananiruka miguu akienda kuwasha televisheni. Kanipa mpaka Jumapili."

Koplo alikaa vizuri. Naye alikuwa na mama mkwe, alijua uzito wake. "Huyo mpangaji ni mtu wa namna gani?"

"Alikuja na adabu zake, kofia mkononi. Kodi akalipa mwaka mmoja. Halafu akabomoa ukuta wa jiko bila kuniuliza. Dirisha la chumba changu cha kulala kaliziba kwa tofali. Watu wanaingia na kutoka mchana na usiku. Nikimwambia ahame, ananisomea sheria."

"Jeuri hiyo anaitoa wapi?"

"Ana bunduki."

Kalamu ilisimama. "Bunduki ngapi?"

"Sijahesabu karibuni."

"Mama! Miaka mitatu unaimba mkataba, mkataba. Ungeanza na bunduki. Bunduki ni jinai, na kwenye jinai hatujafungwa mikono."

Akafungua kitabu cha matukio, akaandika kwa mwandiko wa mtu anayetaka cheo. Akavaa kofia. Akawaita askari wawili wakongwe waliokuwa mlangoni, akawaambia wajiandae, kuna jambazi la kutolewa ndani. Wakongwe walimtazama mama, wakatazamana, kisha kila mmoja akaanza kukagua viatu vyake.

"Ni mbali?" koplo aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Hata gari hamhitaji."

"Jina la mtuhumiwa?"

Mama alikuwa anafungua mdomo mlango wa ofisi ulipofunguka. Mkuu wa kituo alitoka na kikombe cha chai. Akamwona mama, akakiona kitabu, akakigeuza upande wake. Alisoma polepole, mstari kwa mstari. Akachukua rula, akaikata ripoti yote kwa mstari mmoja ulionyooka, maana alikuwa mtu msafi.

"Hili ni la madai," alisema. "Mama, nimeshakueleza. Polisi hatuna mamlaka ya kumtoa mpangaji."

"Najua, mkuu. Nimeshakariri."

"Lakini afande," koplo alisema, "ana bunduki."

"Zina vibali." Mkuu akanywa chai.

Mama alikusanya karatasi zake, akazipanga kwenye mfuko, akaaga kila mtu kwa zamu yake, kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya watu.

Hasara ilihesabika siku ileile. Koplo: uhamisho wa pili ndani ya wiki moja. Mama: safari tisa, jozi mbili za ndala, sebule ya mkwe kuanzia Jumapili, na kile chumba kilichokuwa hatua sita nyuma ya kaunta, alimozalia wanawe wanne, ambamo mahabusu saba walikuwa bado wanagonga mlango wakiomba maji.