Petroli ya Bomba la Kwanza

Nakiri mbele ya Mungu na Mwalimu Mkuu: petroli kwenye bomba la tatu la kupimia maji niliimwaga mimi, nusu chupa ya soda, ili shule ifungwe twende nyumbani.

Oluoch, anayepima maji ya ardhini tangu matangi ya kituo cha mafuta jirani yang'olewe, alinitazama kwa huruma. Kisha akateremsha kichupa chake katika bomba la kwanza, karibu na kisima chetu. Kilipanda na utando wa mafuta uking'aa juu.

"Hilo sikuligusa, Madam!"

"Nyamaza! Umeshakiri."

Oluoch akakata alichokuwa ameandika: "Petroli ya mwanafunzi tu."

"Fungueni mfereji wa kisima," Mwalimu Mkuu akaamuru. "Huyu anywe wa kwanza."

Wasichana mia sita walipanga foleni nyuma yangu, vikombe mkononi.