Vumbi la Bi Bata

Kila Paka alipomlalia miguuni, Bi Bata alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka.

Jirani yake Bi Sungura, mjuaji wa kila kitu, akamwambia, "Shoga, ni manyoya ya huyo paka wako."

"Wee! Ni vumbi tu." Bata akakung'uta mikeka yote, akaacha hata kutwanga pilipili manga. Chafya palepale.

Paka aliyasikia, akaona haya, akajiondokea bila kuaga.

Kesho yake pua ya Bata ikakauka. Sungura akaja mbio. "Si nilikwambia? Umepona!"

Bata alikaa kaukodolea macho mlango uliofungwa, uji umepoa mbele yake.

Mara pua ikamwasha. "Chyaa!"

Akaruka juu. "Sogea, Sungura, nifungue mlango! Vumbi langu limerudi!"