Tabaka la Juu

Siku hizo kila simu ilipita matabaka saba ya mtandao kabla ya kumfikia mtu. Tabaka la juu kabisa lilifuta kelele na kulainisha maneno, yasije yakamtia msikilizaji simanzi. Kokushubira, aliyehamia Dodoma, hakuona ubaya wake. Ila alizikumbuka sana simu za zamani za kwao Bukoba, mvua ikipiga bati, kuku wakilia, na mdogo wake Byera akipaza sauti ili asikike.

Hamu ilipomzidi, alimwomba fundi wa mtandao amwondolee tabaka hilo, kwa simu moja tu.

Byera alipopokea, mvua ilimjaa Kokushubira masikioni. Akacheka hadi machozi yakamtoka. "Nasikia bati letu!"

Kisha akasikia kikohozi kirefu, na sauti iliyokonda.

"Dada, mbona huji? Tangu masika nakwambia naumwa."

"Hukuniambia, mdogo wangu! Kila siku ulisema u mzima."

Byera akakohoa tena.

"Na wewe," akasema polepole, "kila siku ulisema uko njiani."

Kokushubira hakuwahi kusema hivyo hata mara moja.