Jina la Mwana wa Malkia Mbwamwitu

Malkia Mbwamwitu wa milima ya Uhispania alijifungua mwana, akawaita washauri wawili wamchagulie jina.

"Aitwe Fernando kama babu yake," alisema Beberu. "Jina la wazee ndilo lenye heshima."

"Litamzeesha, Mama Malkia," alisema Tausi. "Watoto wa siku hizi huitwa Izan."

Walibishana mpaka mtoto akasinzia. Malkia akasema, "Basi waiteni watoto wenu, waje wamwone mwenzao."

Beberu akaenda mlangoni akiburuta miguu, akaita kwa sauti ndogo, "Izan, njoo."

Tausi naye akakunja mkia wake. "Fernando, ingia, baba."

Malkia hakuwakaripia, jina alilichagua mwenyewe. Ila tangu siku hiyo, mshauri wa majina huulizwa kwanza mtoto wake anaitwa nani.