Ukungu Mpaka Yolosa

"Nipe sauti!" don Saturnino alipaza sauti kutoka ndani ya ukungu.

"Nipo!" Nélida alijibu, vidole vimemfa ganzi kwenye breki.

Alikuwa amechoka hadi mifupa. Saa kumi na nane kwenye basi kutoka Santa Cruz, na alipofika La Paz akaambiwa wakulima wa koka wamefunga barabara mpya kwa mawe. Iliyobaki ni ile ya zamani, Barabara ya Kifo, nayo imeporomoka mahali pawili. Haipitiki ila kwa baiskeli. Mgongoni alibeba kigauni cheupe cha mpwa wake. Ubatizo ulikuwa kesho asubuhi huko Coroico, na bila yeye, mama wa ubatizo, padre habatizi.

Kule kileleni, njia inapoanza kushuka, waongozaji walikuwa wengi, lakini alimchagua mzee huyu, ambaye wenzake walimwita don Satuco, kwa sababu moja: miaka ishirini na sita kwenye njia hii, na hajapoteza mteja hata mmoja. Alikuwa ameikagua baiskeli ya Nélida kwa vidole, waya baada ya waya, taratibu kama anayechambua mchele. Kisha akaimwagia ardhi na matairi pombe, sadaka ya Pachamama, mama ardhi. Matone yaliyokusudiwa tairi yakaangukia mguu wa Nélida.

"Don Satuco, umekinywesha kiatu changu!"

"Basi kitakuwa kiatu cha kwanza cha watu wa tambarare kufika chini kimelewa. Kaa kushoto, binti, ukingoni. Ndiyo sheria ya anayeshuka."

"Hata kama hakuna gari?"

"Miguu yangu haijui kwenda kulia."

Kila penye msalaba wa aliyefia njiani alisimama, akavua kofia na kumwambia Nélida asome jina kwa sauti. Zenón. Fortunata. Ndugu wawili wa ukoo wa Apaza. Kwenye msalaba wa tano Nélida alichoka kabisa.

"Si unayajua yote?"

"Nayajua. Soma. Wanapenda sauti ngeni."

Njia nzima mzee aliunung'unikia ukungu, kama watu wengine wanavyowanung'unikia wakwe zao. "Zamani ulikuwa unaishia kwenye maporomoko ya maji," alisema. "Huu sasa mwaka wa pili, unanifuata mpaka mezani."

Kwenye kona nyembamba kuliko zote gurudumu la Nélida liliteleza. Jiwe liliporomoka ukingoni, naye akangoja kusikia likigonga chini. Hakusikia kitu. Aliketi kwenye matope, akaukumbatia mkoba wenye kigauni na kulia bila aibu.

"Sishuki tena. Nitafia hapa."

Don Saturnino alikuja akifuata kile kilio, akapapasa mkanda wa mkoba na kumwinua.

"Sikiliza. Usitazame bonde wala mbele. Tazama tairi langu la nyuma tu. Nikipita mimi, unapita na wewe."

Nélida akaikabidhi roho yake kwa tairi lile. Walipita chini ya maporomoko, maji baridi yakamwingia shingoni, wala hakuinua macho. Baridi ilipungua. Matope yakawa vumbi. Kivuli cha tairi kilianza kukimbia barabarani kando ya tairi lenyewe, naye akakitazama tu, amechoka mno kuwaza.

"Nipe sauti!"

"Nipo, don Satuco. Nipo."

Walifika Yolosa, kijiji cha mwisho wa mteremko, saa nane mchana. Mzee alifunga breki penye daraja, na hapo ndipo Nélida alipothubutu kuinua kichwa. Jua lilikuwa kali. Aliziona chenza moja moja mitini, na juu ya kilima, mnara mweupe wa kanisa la Coroico. Alipogeuka nyuma aliiona njia yote waliyoshuka, imechanjwa kwenye ukuta wa mlima kama mkwaruzo wa ukucha. Alicheka, akalia, akakipapasa kigauni mkobani. Kilikuwa kikavu.

Don Saturnino alinyoosha mkono wa kuagana. Ulielekea pembeni kidogo, Nélida akaufuata na kuushika kwa mikono miwili.

"Nisamehe, binti," mzee alisema kwa uchovu, akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Umetoka mbali kote huko, na ukungu haujakuacha uone chochote mpaka hapa. Rudi mwezi wa saba. Labda ukungu utakuwa umeondoka."