Nauli ya Makutwe

Treni ipitayo Makutwe haipokei pesa. Ukipanda inakuchomoa kumbukumbu moja pamoja na mizizi yake, wala haikuambii ni ipi. Kumbukumbu hizo ndizo historia ya stesheni, na vipaza sauti huisimulia kutwa.

Mwantumu alishuka akitoka kumwona mama yake hospitalini. Kama kawaida, alisimama kwanza akajikagua. Jina lake analo. La mama analo. Nyumbani anakujua. Akashusha pumzi.

Kipaza sauti kilikuwa kikisimulia harusi. Bwana harusi, fundi wa reli, alinaswa na mvua hapo stesheni pamoja na wageni wake, shehe akawafungisha ndoa papo hapo, na bibi harusi akacheka mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni.

Mwantumu naye akacheka. "Siwema, umewasikia hao? Wana raha zao!"

Shoga yake Siwema, muuza karanga, hakucheka. Karanga zilimponyoka mkononi.

"Mwantumu," alisema taratibu, "wanja ule nilikufuta mimi."

Mwantumu akageuka. Pale langoni alisimama mwanamume mwenye grisi mikononi, akimpungia kwa furaha. Akaja, akampokea kikapu.

"Pole na safari, mke wangu," alisema, kisha akauliza swali ambalo kila nyumba ya Makutwe huuliza: "Leo imechukua nini?"

Mwantumu alimtazama usoni, akatafuta, asipate kitu.

"Haikuchukua kitu," akajibu, akamfuata mgeni yule nyumbani kwake.